Mama Hakutaka Kukimbia

Shemeji yangu mpendwa,

Habari za huko, na mgongo wako unasemaje? Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa unalala sakafuni kwa sababu ulikosana na godoro jipya, natumaini mmeshapatana. Mkeo na watoto hawajambo? Yule mdogo bado anaficha viatu vya wageni ili wasiondoke? Huku sisi tunaendelea vizuri. Dada yako mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Mimi nina goti lililochubuka, ambalo najua habari zake zilikufikia kabla ya salamu zangu. Mama naye hajambo. Ninapoandika hapa jikoni kwake, yeye yuko sebuleni anashona vifungo vya mashati ya shule na kumjibu mtangazaji wa redio kila anapokosea.

Ujumbe wako tuliupata. Ulisema nimemgeuza mama yako mzigo wa kufungia kifuani. Ulisema pia kwamba umeshasikia mengine: amejikwaa kwenye ngazi za duka la dawa, amemwaga trei nzima ya chai mbele ya wageni, anapishana na majirani bila hata kuwaitikia. Ukamaliza kwamba akili imeanza kumtoka, kwamba sisi tulio karibu naye tumefumba macho, na kwamba mwisho wa mwezi unakuja na gari la kubebea vyombo umchukue akakae kwako ghorofa ya nne, na nyumba yake ipangishwe. Sasa ujue kwamba ujumbe huo aliusoma mwenyewe. Uliutuma kwenye simu ya dada yako, na simu ilikuwa mkononi mwa Mama. Aliirudisha mezani, akaendelea na pindo alilokuwa anashona, na jioni ile hakunywa chai. Wewe unamjua Mama na chai.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Mimi nimeoa kwenu, siwezi kukukatiza maneno, na wewe ukishapandisha hasira humpi mtu nafasi hata ya kumeza mate. Ombi langu ni moja tu: usiliite hilo gari kabla hujafika mwisho wa barua hii. Ninachokuombea si changu. Ni nyumba ya Mama, abaki ndani yake.

Nianze na kuanguka, kwa sababu ndiko kulikokuudhi. Ni kweli mimi na Mama tulianguka tukijaribu kuruka kwa bawa. Lakini Gazeti, yule jirani wa geti jekundu, alitia chumvi mpaka chakula hakiliki. Hatukuanguka kutoka angani. Tulianguka tukiwa bado chini, tunakimbia, kama mtu anavyoanguka akifukuzia basi. Ile video aliyokutumia ameikata mwanzo na mwisho, ndiyo maana unaona miguu ya Mama, kisha kitambaa, kisha unasikia sauti yangu ikisema jambo ambalo mkwe hapaswi kulisema.

Chanzo chake kilikuwa hivi. Miaka yote hii Mama ameiita kazi yangu ya kurusha watu kwa bawa kazi ya kuning'inia. Alikuwa hajawahi kukanyaga mlimani. Jioni moja, nilipokuwa nimekaa pale sebuleni nakarabati mkanda wa kiti cha kurukia kwenye cherehani yake, aliniuliza kama nikiwa juu naweza kuuona mtaa wetu wote. Nikamwambia naona mtaa, soko, matangi ya maji, mpaka kiwandani. Akauliza tena kama ninauona wote kwa mara moja, bila kugeuza shingo. Nikasema ndiyo, ukiwa juu kila kitu kinakuwa kidogo, unaweza kuufunika mtaa kwa kiganja. Mimi nikadhani ni maongezi tu ya kupoteza muda.

Siku chache baadaye akatangaza wakati wa kula kwamba anataka nimpandishe, na anataka sasa hivi, si msimu ujao. Dada yako alicheka mpaka akapaliwa. Alipoona mama yake hacheki, akaogopa. Na alipochoka kuogopa akaweka sharti kwamba daktari ampime kwanza. Daktari alimpima moyo, akampima magoti, akasema wapo wa umri wangu ambao hawana magoti kama yale. Mama akaweka cheti chake mezani mbele yangu kama mtoto aliyefaulu. Usiku huo huo akaanza kujishonea suruali, ya kwanza maishani mwake, ya kile kitambaa kigumu cha kaptula za shule, mifuko mirefu mpaka magotini. Nilikatazwa kutoa maoni.

Tatizo lilikuwa msimu. Miezi hii mchana upepo unatokea nyuma ya mlima, na upepo wa mgongoni kwetu ni mwiko, hakuna anayeruka nao. Kunabaki asubuhi tu, na asubuhi za sasa hewa imelala kabisa. Nilimsihi Mama angoje miezi miwili mitatu upepo ugeuke. Alisema yeye hana miezi ya kungojea. Nilimuuliza kwa nini, akaniuliza kama nimemaliza kula, aondoe sahani.

Hapa inabidi nikueleze kazi yetu kidogo, maana bila hivyo hutaelewa tulivyoanguka wala yaliyofuata. Bawa letu ni kitambaa tu, kirefu kuliko basi, limefungwa kamba nyingi nyembamba zinazokutana kwenye mikanda ya mabegani. Upepo ukiwa unapanda mlima, mambo ni rahisi. Unaligeukia bawa, unalivuta kidogo, linasimama lenyewe juu ya kichwa chako, hatua mbili tatu umeondoka. Upepo ukilala, hakuna wa kukusaidia. Upepo unaouhitaji inabidi uutengeneze kwa miguu yako mwenyewe. Unalitandaza bawa nyuma yako, limepinda, ncha zimekuja mbele na tumbo limebaki nyuma ili katikati pajae kwanza. Unalipa mgongo. Unatazama bondeni, mikono umeiacha nyuma imeshika mikanda ya mbele, halafu unakwenda kwa kifua. Wale wanaovuta kwa mikono huwa tunawauliza kama wamekuja kuteka maji.

Hatua za kwanza bawa linakuwa zito. Linakung'ang'ania nyuma kama godoro lililolowa, na hapo ndipo watu wengi wanaposimama wakidhani kuna kitu kimekwama. Ukisimama umekwisha, linarudi chini. Dawa yake ni kuinama zaidi na kusukuma tu mpaka ule uzito uishe, nao huisha ghafla. Unatupa jicho juu mara moja, unaona limejaa, unaachia mikanda, unagusa kidogo breki, zile kamba za kulizuia bawa, lisikupite, kisha unakimbia kuliko ulivyokimbia mwanzo. Ukihisi unanyanyuliwa, huruki wala hukai. Unaendelea kukimbia mpaka miguu ikimbie hewani. Mkiwa wawili, abiria ndiye anayekuwa mbele, amefungwa kifuani mwa rubani. Miguu yake ndiyo inayotangulia. Akisimama yeye, mimi namwangukia.

Basi nikamfundisha Mama kwenye uwanja wa mpira nyuma ya shule, bila bawa, tumefungwa mikanda tu. Fikiria aibu yangu, shemeji. Mtu ambaye hata kumpita mlangoni huwa nangoja apite kwanza, leo nimemfunga kifuani, namwambia kwa adabu zote kwamba naomba akimbie. Na alikimbia! Wallahi, alikimbia kama mwenye treni inayomwacha. Mara mbili niliburutwa mimi. Wanafunzi waliokuwa dirishani walipiga makofi mpaka mwalimu akafunga madirisha. Tukarudi nyumbani Mama ananiambia nipunguze kula mkate, ninamchelewesha.

Kwa hiyo asubuhi tulipopanda mlimani sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mwenzangu wa kazi alikuwepo, yule mwanamke mrefu tunayemwita Soksi, kwa sababu ndiye mwenye kufunga ule mfuko wa kitambaa juu ya mti wa kutazamia upepo. Mfuko ulikuwa umening'inia kama soksi kweli, hautikisiki. Gazeti naye alikuwa ameshafika na mwavuli wake na simu yake. Soksi alitutandazia bawa, akakagua kamba, akamkagua Mama mikanda ya mapaja, akatupisha. Nikasema twende.

Tulianza vizuri. Bawa likawa zito, Mama akasukuma, likaanza kupanda. Halafu pale ambapo mteremko unaanza kuinama, nikahisi hatua zake zinafupika. Akawa anakanyaga kwa ncha za vidole, kama mtu anayevuka chumba chenye mtoto aliyelala. Nikamsihi akimbie. Akasimama. Bawa likatushukia kichwani na kutufunika, na chini ya kile kitambaa nikamsikia Mama akisema, taratibu kabisa, kwamba anadhani hivi sivyo.

Mara ya pili ndiyo uliyoiona. Alifika palepale, hatua zikafupika tena, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga kelele. Nilimwita Mama, hilo nalo lipo kwenye video, lakini nililolisema baada ya kumwita Mama silirudii kwenye karatasi. Akasimama wima kama nguzo. Mimi nilikuwa na mwendo wangu wote nyuma yake, tukaenda chini pamoja. Yeye alichubuka kiwiko, mimi goti. Soksi akaja mbio, Gazeti akaja mbio zaidi, simu ikiwa mbele.

Nilivyojieleza mimi ni kwamba Mama anaona haya. Nilisema moyoni, mtu mzima, watu wanatazama, mkwe wake yuko mgongoni anapumua, nani asingesimama? Dada yako alisema si haya, ni woga. Tukamwomba basi aruke na Soksi, mwanamke mwenzake, tena ana nguvu kuliko mimi. Mama alikataa katakata. Alisema kama ni kuanguka, ataanguka na wa kwake. Nikiri kwamba nilifurahi.

Soksi ndiye aliyeona jambo ambalo mimi sikuliona. Aliniambia mama mkwe wangu haogopi hata kidogo, kwa sababu mwoga huanza kujivuta mapema, bawa likiwa bado zito, na yeye pale pazito ndipo anaposukuma vizuri kuliko wote. Anachofanya ni kusimama kila mara mahali pamoja, ardhi inapobadilika. Akasema huenda anahitaji kupazoea. Nilipomweleza Mama, aliitikia haraka kuliko nilivyotarajia. Alisema hicho ndicho alichokuwa anataka kuomba, ila hakujua kama kinaruhusiwa.

Basi jioni ile nikampandisha mlimani bila bawa, bila mikanda, bila Gazeti. Alivua viatu. Akanishika mkono akaushuka ule mteremko, akapanda, akaushuka tena. Hakuwa anatazama chini. Alikuwa anatazama mbele, kule bondeni, na miguu ndiyo ilikuwa inapapasa. Aliniuliza majani yanaishia wapi na changarawe inaanzia wapi. Kulikuwa na jiwe moja, si kubwa, akataka litolewe, nikalitoa. Akauliza panapoinama panainama kiasi gani, nikamwonyesha kwa kiganja, akakishika kiganja changu akakipima kwa chake. Nilijisemea huyu ni fundi, hapitishi mkasi kabla hajapima. Tuliendelea hivyo mpaka jua likaanza kuzama, akavaa viatu, akasema sasa anapajua.

Kesho yake hewa ilikuwa imelala vilevile. Soksi akatandaza, akakagua, akatupisha. Safari hii sikupiga kelele. Nilimwambia tu Mama kwamba mimi nipo, na kwamba asinisubiri. Akaenda. Bawa likawa zito, akainama nalo. Nikahisi mikanda inanibana mabega, kisha ule uzito ukaisha, kitambaa kikapita juu yetu kwa ule mlio wake kama shuka linalokung'utwa. Nikatazama juu, limejaa. Nikaachia mikanda. Tukafika pale panapoinama, nami nilijua hapa ndipo anaposimama. Hakufupisha hata hatua moja. Alirefusha. Alikimbia kwenye changarawe, akakimbia panapoinama, na ardhi ilipotuacha aliendelea kukimbia, miguu inachapa hewa ndani ya ile suruali yake, mpaka mimi nikamwambia, Mama, basi, tumeshaondoka.

Sijui nikuelezeje hewa iliyolala ukiwa ndani yake. Hakuna kutikisika. Unasikia mbwa wa chini, unasikia mlango wa mtu ukifungwa. Nilimsaidia kukaa vizuri kwenye kiti, nikangoja apige kelele au acheke kama wanavyofanya wote. Hakufanya lolote. Mtaa wetu ulikuwa upande wa kushoto, nikamwonyesha kwa kidole. Akaniomba nimgeuzie. Nikasema ageuze shingo tu, uko palepale. Akaomba tena, kwa upole, niugeuze mtaa uwe mbele yake kabisa. Nikavuta breki ya kushoto, tukageuka taratibu, mtaa ukaja mbele.

Hapo ndipo mama yako alipolia, shemeji. Alilia kimya, nilijua kwa mabega kwa kuwa yalikuwa yameniegemea. Kisha akaanza kuvitaja kimoja kimoja: tangi la bluu, bati letu lililopauka upande mmoja, geti jekundu la Gazeti, kamba ya nguo na nguo juu yake, karakana ambako baba yenu alifanya kazi, shule, na ile njia ya mkato mliyokuwa mnapita mkiwa wadogo ingawa aliwakataza. Akasema vyote vipo. Akasema vyote vimeingia.

Nikamuuliza vimeingia wapi, na yeye akaniambia, bila kugeuza kichwa.

Mama haoni, shemeji. Au niseme vizuri: anaona tundu tu. Ni presha ya macho. Ilianza pembeni, ikawa inakula kidogo kidogo kuelekea katikati, na chini ndiko ilikokula zaidi. Alinieleza kwamba ni kama kuchungulia kwenye tundu la bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani. Kilicho ndani ya tundu anakiona safi, ndiyo maana bado anatunga sindano mara moja tu na sisi sote tukasema macho ya Mama ni ya kijana. Lakini kilicho nje ya tundu hakipo. Ngazi za duka la dawa hazikuwepo. Stuli aliyoipiga teke akiwa na trei haikuwepo. Majirani wanaomsalimia kwa pembeni hawapo, na wao wanasema siku hizi anaringa. Na pale mlimani, shemeji, ardhi mbele ya miguu yake haikuwepo. Kila hatua aliyokimbia alikuwa anaikanyaga mahali asipopaona. Nimefundisha wanariadha na askari wenye macho yote mawili wakasimama pale bawa linapokuwa zito. Mama yako alikimbilia gizani mchana kweupe kwa sababu jana yake miguu ilishapajua.

Daktari wa macho amemwambia kilichoondoka hakirudi. Kuna matone anayotia asubuhi na usiku ya kulinda kilichobaki, na hayawezi kuapa kwamba yatakilinda chote. Matone hayo anayaficha kwenye kopo la vifungo. Alikuwa akienda kliniki peke yake na kutuambia amekwenda kununua zipu. Sisi tulishangaa tu zipu zinavyojaa nyumbani.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alisema aliogopa mambo mawili: kilio cha dada yako na gari lako. Ndani ya nyumba yake hahitaji macho. Mkono unajua kitasa kiko wapi, mguu unajua kizingiti, anajua ubao gani wa sakafu unalia na maji ya bomba yanafika kiasi gani kwenye ndoo kwa kusikiliza tu. Kila anachokipoteza machoni, mwili wake ulishakishika zamani. Alisema siku utakayomtoa pale na kumweka kwenye ghorofa ya nne, hata kama chumba kimepakwa rangi nzuri kiasi gani, siku hiyo ndiyo atakayokuwa kipofu. Haya ni maneno yake, sikuongeza.

Na kuhusu kuruka, alikuwa amegundua kitu mwenyewe. Akiwa karibu na kitu anapata kipande tu, mlango bila ukuta, pua bila uso. Akisogea mbali, kinakuwa kidogo, kinaingia chote. Alikuwa hajauona mtaa wake mzima kwa muda mrefu, akataka auone mara moja kabla tundu halijafunga zaidi. Ndiyo maana hakuwa na miezi ya kungojea upepo.

Tulitua uwanjani kwa makalio, kwa sababu hewa ikilala hata kutua kunakuwa kwa kasi, nikamwambia anyanyue miguu tu mambo mengine aniachie. Suruali ilishika vizuri, haikuachia uzi hata mmoja, na alinitaka nilitambue hilo. Njiani nilimwambia kwamba dada yako na wewe lazima mjue. Alitembea amenishika mkono. Kisha akasema dada yako atamwambia yeye mwenyewe, lakini wewe hawezi kukuambia, kwa kuwa ataanza kulia na wewe utaanza kufoka, na simu itakwisha chaji bila mtu kusema kitu. Akasema nikuandikie mimi.

Dada yako ameshajua. Alilia jikoni, akaosha uso, akatoka akaondoa stuli zote kwenye korido. Juzi nimepaka rangi nyeupe kwenye kingo za ngazi za nje, ingawa Mama anasema nimeiharibu nyumba. Tumekubaliana sisi tuhamie kwake kile chumba cha nyuma, ili usiku asiwe peke yake. Kwa hiyo mwanaume mzima ninahamia kwa mama mkwe. Nicheke wewe kwanza, kabla watu wa mlimani hawajaanza. Kliniki tutakuwa tunampeleka kwa zamu, na tumemwambia biashara ya zipu imefungwa.

Huna haja ya kuleta gari, shemeji. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, nina mabega. Lakini njoo. Njoo wewe, na mkeo na watoto kama shule inaruhusu, na msichelewe. Nasema hivi kwa sababu tundu lile halitungoji.

Mwambie mkeo dada yako anamsalimu na amemwekea kile kitambaa cha mapazia. Wabusu watoto. Mama ameingia hapa sasa hivi kuchukua mkasi, ameuliza kama bado naandika, na ameagiza nikupe salamu zake na nikuambie upunguze kufoka, si kwa sababu yake, ni kwa sababu ya mgongo wako.

Jambo la mwisho, na hili lishike kuliko yote. Wewe ukifika huwa unaingia getini mbio, unamnyanyua Mama juu kabla hata hujaweka begi. Safari hii usifanye hivyo. Ukimjia karibu hivyo atapata kifungo cha shati lako tu, au sikio. Shuka kwenye gari kule mwisho wa mtaa, kwenye nguzo ya taa, panaponyooka. Mimi nitakuwa nimemkalisha mlangoni, kiti kimeelekea kwako. Simama hapo katikati ya barabara, usiogope Gazeti atasema nini, utulie, umpungie. Mwache akuone kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Akishainua mkono, ndipo uje, polepole, kwa mbele.

Mimi shemeji yako,
Kishada